Mgeni wa Langoni: Habib Saleh na elimu isiyouliza nasaba

Lamu ya nusu ya pili ya karne ya 19 haikuwa na uhaba wa wanazuoni. Mwenye Mansab, sharifu aliyeyatia Maulidi ya Barzanji katika beti za Kiswahili, alikuwa hai. Abdallah Bakathir, ambaye baadaye darsa zake zingewavuta wanafunzi hadi Ukutani mjini Unguja, alizaliwa Lamu. Muhamadi Kijuma, mshairi, mnakili wa hati na fundi wa kuchonga, alikuwa kijana wa mjini. Misikiti nayo ilikuwa mingi. Hata hivyo, ukimuuliza mtu wa Lamu leo ni nani aliyeufanya mji ule ukimbiliwe na wanafunzi kutoka pwani nzima, hatakutajia hata mmoja wa hao. Atakutajia mtu ambaye hakuzaliwa pale: Saleh bin Alwy Jamalilail, aliyefika kijana kutoka Ngazija, akafa Lamu mwaka 1935, na ambaye vizazi vyote tangu hapo vimemwita Habib Saleh.

Kwa nini kazi ile ilimngoja mgeni? Wanaompenda hujibu kwa neno moja: karama. Sina ugomvi na jibu hilo. Lakini karama haituelezi kwa nini ilishuka mtaa wa Langoni na si mtaa wa Mkomani, wala kwa nini ilikuja miaka ile na si hamsini kabla yake. Yapo mambo ya kidunia ambayo mwanafunzi wa historia anaweza kuyashika mkononi, na yakipangwa vizuri yanaonyesha kwamba ugeni wa Habib Saleh haukuwa kikwazo alichokishinda. Ndio uliomwezesha.

Tuanze na mji wenyewe. Lamu iligawanyika pande mbili ambazo mpaka sasa mtu huzitaja bila kufikiri: Mkomani upande wa kaskazini, kwenye majumba ya mawe ya waungwana, na Langoni upande wa kusini, kwenye nyumba za udongo na makuti, walikokaa waliofika baadaye. Waungwana walikuwa na mashamba kisiwani na bara, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mtama, ufuta, boriti na ngozi vilipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Katika mpango huo kila mtu alijua pahali pake pa kukaa, wa kumwoza binti yake, na nani atamtangulia mlangoni. Kipimo kilikuwa kufu, yaani usawa wa nasaba baina ya waoanao, na kufu haikuishia kwenye ndoa. Ilipita kwenye kanzu, kwenye viatu, kwenye mahali pa kuketi barazani.

Elimu nayo ilikuwa ndani ya hesabu hiyo hiyo. Watu wengi wakisikia kwamba Lamu ilikuwa mji wa wasomi hudhani kulikuwa na shule. Kulikuwa na vyuo, naam, ambako watoto walisoma Kurani. Lakini elimu yenyewe, ile ya fiqhi, nahau, tafsiri na utunzi, ilikaa majumbani. Baba alimpa mwana, mjomba alimpa mpwa, mama alimpa binti. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na mke wa Bwana Mataka wa Siyu mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, ni mfano mzuri wa elimu ya aina hii katika visiwa vile: ya juu sana, ya kupendeza, na iliyoelekezwa kwa mtoto wa nyumbani. Kuwa na vitabu ulikuwa urithi kama kuwa na nyumba ya ghorofa. Mtu aliyemsomesha mtoto wa mtumwa elimu hiyo hakuwa anafanya wema tu. Alikuwa anagawa urithi wa wenzake bila idhini yao.

Ndiyo maana mwanachuoni mwenyeji, hata angekuwa mwema vipi, asingeweza kuthubutu kwa urahisi. Alikuwa na shemeji, alikuwa na binti wa kuoza, alikuwa na shamba lililopakana na shamba la mtu. Kila uzi aliouvuta ulikuwa umefungwa kwa mwenziwe. Mtumwa alisilimishwa, akapewa jina, akafunzwa kiasi cha kumwezesha kuswali na kuhudumia nyumba yenye tohara. Zaidi ya hapo, kwa kawaida, kitabu hakikufunguliwa mbele yake.

Ndipo anapoingia kijana wa Ngazija. Alizaliwa huko katikati ya karne, katika ukoo wa masharifu wa Jamalilail, na husimuliwa kuwa alikuja Lamu mara ya kwanza kwa ajili ya matibabu, akafikia kwa ndugu wa ukoo wake, Sayyid Ali bin Abdallah, mwanachuoni aliyekuwa na makazi mjini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema wahenga. Huyu alikuja kuponywa yeye. Akapona, akasoma, akabaki.

Safari hiyo haikuwa ya ajabu kwa ukoo wake. Jamalilail walitoka Hadhramaut, wakakaa Pate, na kutoka Pate wengine wakashuka hadi visiwa vya Ngazija. Kwa maana hiyo Saleh alikuwa anarudi kwenye maji ambayo babu zake walikwisha kuyapita. Bahari ile ilikuwa njia ya walimu kwenda na kurudi: Ahmad bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazija, alikwenda kuwa kadhi mashuhuri Unguja, na Bakathir wa Lamu naye akaishia huko huko Unguja. Tofauti yao na Saleh ni kwamba wao walikwenda palipokuwa na Sultani, mahakama na cheo. Yeye alielekea upande wa pili, kwenye mji ambao utajiri wake ulikuwa umeanza kupungua, na hakushika kazi ya serikali.

Hali yake mjini ilikuwa na pande mbili, na mimi naona hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kwa nasaba alikuwa juu ya waungwana wote. Sharifu ni wa kizazi cha Mtume, na kwa kufu hakuna anayempita. Hata tajiri wa Mkomani humbusu mkono. Kwa ugeni, alikuwa Mngazija, na Wangazija wa Lamu hawakuwa watu wa mbele. Walikuwa wageni wa Langoni pamoja na Washihiri na Wabajuni, wakijitafutia riziki kwa mikono yao. Kwa hiyo mji haukuweza kumdharau, na wala haukuwa umemfunga. Hakuwa na shamba wala mtumwa wa kupoteza. Wala hakuwa na baraza ya ukoo Mkomani ambako angeitwa na kuulizwa: wewe mwana wa fulani, unafanya nini? Mtu mwenye heshima isiyotegemea mali ya mji, akakaa nje ya mafundo ya mji, ndiye pekee aliyeweza kulifanya lile ambalo wenyeji waliliona haliwezekani.

Akahamia Langoni. Masimulizi yaliyokusanywa na watafiti yanamwonyesha akikaa na wagema, wachukuzi na watumwa wa mashamba, akila nao, akiwatibu kwa dawa na dua, na kuwasomesha. Peter Lienhardt, aliyeandika kuhusu chuo chake mwishoni mwa miaka ya 1950, na Abdul Hamid el-Zein, ambaye kitabu chake kuhusu dini katika Lamu kilitoka mwaka 1974, waliwakuta watu waliokuwa bado wakisimulia mambo hayo kama yaliyotokea juzi. Kukaa na wagema hakukuwa jambo dogo. Mgema hutoa tembo, na tembo ni haramu. Sharifu kufanya jirani zake watu wa kazi hiyo kulikuwa kunawauma waungwana kuliko hotuba yoyote. Kwa maoni yangu hili lilikuwa somo lake la kwanza, kabla hajafungua juzuu.

Sasa wakati. Mwaka 1873 Sultani wa Unguja alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mwaka 1890 Waingereza walishambulia Witu, mkabala wa Lamu, na mwaka 1895 pwani yote ya Kenya ya leo ikawa chini ya himaya yao. Mwaka 1907 hali ya utumwa ikakoma kisheria katika pwani ya Kenya. Kati ya miaka hiyo, maelfu ya watu walitoka katika kumilikiwa na kuingia katika jambo lisilokuwa na jina. Sheria ilisema wako huru. Haikusema watakuwa nani. Mtu aliyekuwa wa nyumba ya fulani, akiacha kuwa wa fulani, huwa wa nani? Hana ukoo wa kumzika, hana nasaba ya kumwozea, hana pahali katika safu ya msikiti ambapo hatatazamwa.

Kwingineko pwani swali hilo lilikuwa na wajibuji. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868. Wamisheni wa Kianglikana walifungua Freretown karibu na Mombasa mwaka 1875, na wengine wao walikuwa na chuo Kiungani, Unguja. Waliokombolewa walipewa huko kitabu, kazi na jina jipya, na wengi walitoka wakiwa walimu na makarani. Sidai kwamba Habib Saleh alikaa akapanga namna ya kushindana nao. Ila mtu akiangalia ramani ataona kuwa swali lilikuwa moja: nani atamfundisha aliyeachwa huru kusoma? Waungwana wa Lamu walidhani hakuna haja. Misheni zilidhani jibu ni Biblia. Mwalimu wa Langoni aliwapa jibu la tatu, kwamba waliyoambiwa ni yao kwa nusu, yaani Uislamu, sasa ni yao kamili, pamoja na vitabu vyake.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa na wanaosimulia maisha ya watu watakatifu: bei ya karatasi. Zamani kitabu kilikuwa hati ya mkono, na hati ilihitaji mnakili, wino na miezi. Mwishoni mwa karne ya 19 vitabu vya chapa kutoka Kairo na Bombay vilianza kufika pwani kwa wingi, na meli za moshi, baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, zilizifanya safari zile fupi. Safina, kile kitabu kidogo cha fiqhi ya Kishafii ambacho kila mwanafunzi wa pwani anakijua, kiliweza kununuliwa na mtu asiye na nyumba ya mawe. Ukarimu wa mwalimu ulikutana na vitabu rahisi. Bila vitabu hivyo, ukarimu ungebaki nia.

Msikiti wa Riyadha ulijengwa Langoni kufikia mwaka 1900 hivi. Jina lake linaelekea Seiyun, Hadhramaut, alikokuwa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, mwalimu ambaye naye alikuwa na msikiti na makazi ya wanafunzi yenye jina hilo. Mfumo ulifanana: mahali pa kuswali, kusoma, kulala na kula, vyote pamoja, ili mwanafunzi wa mbali asiye na jamaa mjini aweze kusoma bila kubembeleza nyumba ya mtu. Naomba msomaji asilipite hili haraka. Katika mji ambao elimu ilikaa nyumbani, kujenga nyumba isiyokuwa ya mtu kulikuwa kunaitoa elimu mlangoni mwa ukoo na kuiweka penye mlango wa wote. Darsa zilisomwa kwa mtindo tuujuao bado: mwanafunzi anasoma ibara ya Kiarabu, mwalimu anaifafanua kwa Kiswahili, jambo linarudiwa mpaka likae. Mtoto wa mgema na mtoto wa sharifu waliketi katika halka moja.

Na hapo ndipo tunafika kwenye matwari, zile ngoma za mkononi.

Lamu ilikuwa na maulidi yake tangu zamani. Yalikuwa ya Barzanji, yakisomwa kwa utulivu, na waliosoma walikuwa wanaojua kusoma. Wengine walisikiliza, wakarushiwa marashi, wakaenda zao. Mwanzoni mwa karne ya 20 Riyadha ilianza kusoma maulidi mapya, yale aliyoyatunga al-Habshi wa Seiyun yanayojulikana kama Simtud Durar, na ikayasoma kwa kasida za pamoja, kwa kupigwa matwari, kwa watu kusimama na kuyumba kwa mpango mmoja. Midundo ya uta, ngoma ya watu wa mashambani, ikapewa nafasi katika kumsifu Mtume.

Waungwana walipinga kwa hoja ya kidini, kwamba ngoma haiingii msikitini, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wanazuoni wamebishana juu yake karne nyingi na hawajamaliza. Lakini tazama upande wa mwalimu. Ana mbele yake watu wazima, wengine wazee, ambao mchana wamechukua mizigo na hawajapata kushika kitabu. Ukiwaambia waanze na alifu, wachache watafika mwisho. Ukiwapa kasida, wataishika kwa sikio kwa majuma machache, na ndani ya kasida mna sira ya Mtume, mna majina ya masahaba, mna dua, mna mpangilio wa imani wote. Mikono yao ilikuwa hodari wa ngoma tangu utotoni. Aliichukua elimu waliyokuwa nayo, akapitishia humo elimu waliyonyimwa. Mwalimu yeyote wa kisomo cha watu wazima, hata wa siku hizi mwenye diploma, angeitambua mbinu hiyo.

Tena kasida haisomwi na mmoja. Katika Barzanji ya Mkomani kulikuwa na msomaji na wasikilizaji. Katika maulidi ya Riyadha kila mwenye sauti alikuwa msomaji. Mtu aliyekuwa hana pahali katika safu alijikuta ana zamu ya kuitikia, na safu ikiyumba kulia, sharifu na mzalia, mtoto wa watumwa, wanayumba pamoja. Mpaka leo, juma la mwisho la Mfunguo Sita, wageni hufika Lamu kutoka Mombasa, Tanga, Unguja, Ngazija na Uganda kwa maulidi hayo, na huenda kwa maandamano kulizuru kaburi la Habib Saleh. Siku hizi huwa na mashindano ya punda na bao pia, na watalii wenye kamera, jambo ambalo baadhi ya wazee hawalipendi, nami nawaelewa.

Wanaomkosoa wana hoja mbili, na moja ni nzito kuliko nyingine. Ile nyepesi ni ya bidaa, ambayo imepata nguvu zaidi katika miongo ya karibuni. Nimeshaigusa, ni ya mafakihi, waachiwe wao. Karibu nayo, ila ya aina nyingine, ilikuwa njia ya Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Islahi mwaka 1932, na ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Yeye aliwahimiza Waislamu wa pwani wasome hesabu, jiografia na mambo ya dunia mpya, la sivyo wataachwa nyuma. Habib Saleh alikuwa mzee sana wakati huo. Riyadha iliwapa watu heshima na dini, lakini haikuwapa cheti ambacho ofisi ya serikali ya kikoloni ingekitambua, na watoto wa Freretown walikuwa wamekwisha kuwapita wenzao wa Langoni katika kazi za ofisini. Hilo ni kweli, na halifichiki. Ila ni vigumu kumlaumu mtu aliyelelewa katika karne ya 19 kwa kutoiona ya 20 yote.

Hoja nzito ni ya el-Zein. Yeye aliona kwamba Riyadha haikuvunja madaraja; iliyageuza. Waungwana walishuka, masharifu wakapanda, na wale waliokuwa watumwa wakabadilisha utii: badala ya bwana wa shamba, sasa walimfuata Habib kwa mapenzi, wakamjengea, wakamtumikia, wakatafuta baraka yake na ya kizazi chake. Nasaba ya Mtume ikawa juu kuliko ilivyokuwa kabla, na nasaba, hata ikiwa tukufu namna gani, haisomewi ikapatikana.

Nadhani hoja hii ni ya haki kwa kiasi kikubwa, na watetezi wa Riyadha hawaisaidii kwa kuikasirikia. Nguvu iliyomwezesha kuwakalisha watoto wa watumwa mbele ya vitabu ilikuwa ile ile nasaba; asingeweza kuitumia kama ngao bila kuikuza. Lakini kuna tofauti kati ya utii wa jembe na utii wa darsa. Mtu aliyesoma nahau miaka mitano hatoki alivyoingia. Anaweza kuondoka, na wengi waliondoka: walikwenda Malindi, Mombasa, Tanganyika, Uganda, wakafungua vyuo vyao. Mtumwa wa shamba hakuwa na la kuondoka nalo.

Ushahidi mmoja umo katika maktaba ya msikiti. Hati zake zimepigwa picha za kidijitali kwa msaada wa programu ya Maktaba ya Uingereza ya kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na mtafiti Anne Bang wa Norway ameziandikia. Ni vitabu vya kazi: fiqhi, nahau, dua, sifa za Mtume, vingine vilivyonakiliwa pwani hapa hapa. Ndani yake mna maandishi ya wakfu, mtu akiandika kwamba kitabu hiki nimekitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kisomwe na wanafunzi. Hayo ni majina ya watu waliokitoa kitabu nyumbani mwao wakakipeleka pale ambapo hawatachagua nani atakifungua. Miaka hamsini kabla ya Riyadha, Lamu ilikuwa na vitabu vingi na tabia hiyo ilikuwa bado haijapata mahali pa kwenda.

Alipofariki, chuo kilishikwa na wanawe, akiwamo Ahmad Badawy, na baada yao wajukuu. Hivyo, Lamu kwenyewe, elimu ya Riyadha imerudi kuwa na ukoo unaoisimamia, karibu kama zilivyokuwa nyumba za Mkomani ambazo mgeni yule alizikuta. Nje ya Lamu haikuwa hivyo. Katika miji na vijiji vya pwani na bara, aliyerithi darsa alikuwa mara nyingi mwanafunzi tu, mtu ambaye babu yake hakuandikwa popote, na watoto waliomjia wakiwa na juzuu mkononi walimwita mwalimu bila kuuliza zaidi.